Kitanda Kisicholaliwa

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja huko Kilimani nilipokuta kitanda cha mgonjwa kimetandikwa vizuri kupita kiasi. Shuka limevutwa likanyooka, mto umekaa katikati kama bwana harusi, blanketi halina mkunjo hata mmoja. Mimi nimetandika vitanda vingi maishani; ukivipanga mstari vingetoka hapa Riruta vikafika Kisumu, vikageuka na kurudi. Kwa hiyo kitanda huwa kinanisimulia mambo. Kile kilikuwa kinaniambia waziwazi kwamba hakuna mtu aliyelala juu yake, lakini siku hiyo sikukisikia. Nilikisifu. Nilimwambia mgonjwa wangu kwamba ni msafi kuliko matroni wetu, kisha nikacheka peke yangu. Yeye aligeuza uso akatazama dirishani.

Kabla sijafika mbali, ujue ni nani anayekusimulia. Mimi ni Mwikali, lakini kwenye ploti yetu wananiita Sista, hata watoto ambao hawajawahi kuniona na sare. Wazazi wangu walitoka Makueni, mimi nikakulia hapa Dagoretti. Sekondari nilisoma nikiwa mtu mzima, masomo ya jioni, baada ya kushinda nikifua nguo za watu. Stima ilikuwa ikipotea kila tulipofungua kitabu cha biolojia, na mwalimu wetu, Mungu ambariki, aliendelea tu. Figo nilifundishwa gizani, na mpaka leo naielewa vizuri zaidi nikifumba macho. Nilipopata cheti cha uuguzi nilitembea Naivasha Road na ile sare kana kwamba barabara ilichongwa kwa ajili yangu. Nilijua kila kitu, mwanangu. Ugonjwa ungepita mbali huko Ngong, mimi ningeuita kwa jina lake na jina la babake.

Baada ya miaka kadhaa ya wodi nilianza kuchukua wagonjwa wa nyumbani, wale waliotoka hospitali na bado wanahitaji mtu wa kuwasafisha kidonda na kuwaangalia mchana. Ndipo nikaitwa na Nasimiyu. Alikuwa mtu wa ofisi huko mjini, mkarimu, mwenye haraka, simu sikioni tangu asubuhi. Mama yake alikuwa amepasuliwa kutolewa mawe kwenye nyongo. Hangeweza kurudi kwao Webuye upesi, maana huko aliishi peke yake, na ile safari ni ndefu kwa tumbo lenye nyuzi. Basi Nasimiyu alimleta kwake Kilimani, ghorofa ya juu, juu kiasi kwamba siku lifti ilipoharibika nikapanda ngazi, nilidhani nitamkuta Petro wa mbinguni mlangoni na funguo zake.

Chumba alichopewa kilikuwa kizuri. Pazia zito, zulia laini, televisheni kubwa kama kabati. Asubuhi watu walitoka kwenda kazini na nyumba ikabaki kimya. Msaidizi wa nyumba alikuja akafua, akapika, akaenda zake. Mama Nasimiyu alikaa kwenye kiti cha dirishani na leso yake mabegani, mikono mapajani, televisheni imezimwa. Ng'ambo kulikuwa na jengo lingine likipanda, na mafundi wengi walikuwa vijana wa magharibi, wakiitana na kutaniana kwa Kibukusu, Kiluhya cha kwao mama, kutwa nzima. Mama hakuwaona vizuri, macho yake yalikuwa na ukungu. Aliwasikiliza. Walipoenda kula mchana na kelele ikakatika, niliona mabega yake yakishuka. Hiyo ndiyo iliyokuwa jamii yake Nairobi, sauti za watu wasiojua kwamba yupo.

Sasa sikia shida. Huyu mama alikuwa hanywi maji. Ukimpa glasi, atalowesha midomo na kuiweka chini kwa heshima zote, aseme asante. Chai vilevile. Uji anakula vijiko vichache, tena baada ya kuuliza kama kuna mtu mwingine nyumbani. Ulimi ulikauka kama ganda la ndizi lililosahaulika juani. Mkojo ukawa mchache na mweusi. Miguu nayo ilivimba mpaka viatu vikakataa. Kidonda kilikuwa safi, lakini kilichelewa kufunga, na akisimama anashika ukuta. Daktari aliniambia kwa simu, bila kuzungukazunguka, kwamba mambo yakibaki hivyo mpaka siku ya kliniki, mama atarudishwa wodini, maana figo za mtu wa umri ule zikizima huenda zisiwake tena.

Nilihangaika, mwanangu. Nilimpa yule mama magonjwa yote ya kitabu. Asubuhi moyo, mchana sukari, jioni huzuni. Nikabakisha surua tu. Nilileta jagi nikalichora alama kwa kalamu, nikamwambia lazima tufike hapa kabla ya mchana na pale kabla ya jioni. Nilimwimbia. Nilimtania. Nilimwambia hata ngamia huwa anakunywa siku moja moja. Alitabasamu kidogo kwa adabu, kama mtu anayemwonea huruma mchekeshaji, akayaacha maji pale pale. Kila asubuhi kitanda kilinisubiri kikiwa kimenyooka, nami nikakisifu tena.

Mume wa Nasimiyu, jina lake Musyoka, alikuwa Mkamba mwenzangu, mtu mrefu, mpole, anayeinama akipita milangoni hata pale ambapo mlango unamtosha. Kila jioni, kabla hajavua tai, alikuja kusimama kwenye mlango wa mama na kunyoosha mkono amsalimie. Mama alivuta leso mpaka usoni, akaangalia ukuta, akajibu kwa sauti ya mtu aliyekabwa. Musyoka alibaki na mkono wake hewani, kisha akaurudisha mfukoni polepole. Hilo nililiona zaidi ya mara moja, na kila mara nilijifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Siku moja alinisindikiza hadi kwenye lifti, akaniambia kwa Kikamba, kwa sauti ya chini, kwamba huyu mama hamtaki, na anafikiri ni kwa sababu yeye si wa kwao. Akaniambia tena kwamba mama yake mwenyewe alifariki yeye akiwa bado shuleni. Aliposikia mama mkwe anakuja kukaa alifurahi, akanunua zulia.

"Nilitaka tu mtu wa kumwita mama jioni," akasema.

Nami badala ya kufikiri nilimkubalia. Nilimwambia wazee wa mashambani ndivyo walivyo, wakishika jambo la kabila hawaachi, lakini huyu atazoea. Wakamba wawili tumesimama mbele ya lifti, tumemhukumu mama wa Webuye, kesi imefungwa, na mshtakiwa hakuitwa hata kusema jina lake.

Siku ya kliniki ilipokaribia niliamua kutumia silaha yangu ya mwisho. Ilikuwa kabla ya mchana, mafundi wa ng'ambo wanagonga vyuma. Nilisimama mbele ya mama, nikaweka mikono kiunoni kama mwalimu mkuu, nikamwambia kwamba asipokunywa maji tutamrudisha hospitali alale wodini. Nilingoja aogope. Kila mgonjwa huogopa. Nimewahi kuwa na mzee aliyetoroka wodi kupitia dirisha la jikoni, na mwingine ambaye alikamatwa akiwa amefika nusu ya njia ya Uthiru na chupa ya dripu mkononi kama tochi.

Mama Nasimiyu aligeuka akanitazama sawasawa, kwa mara ya kwanza tangu tujuane.

"Kweli?" akauliza. "Ni kesho ama keshokutwa?"

Na mguu wake uliovimba ukaanza kutafuta kiatu chini ya kiti.

Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda, na nilipokaa nilihisi kile kitanda chini yangu, baridi, kimekaza kama ngoma mpya. Hapo ndipo nilipokisikia. Nikamuuliza kama kule hospitali alikuwa akilala. Akasema alilala sana. Na maji? Alikunywa, hata yale ya mgonjwa wa kitanda cha pili. Nikamuuliza, basi hapa kuna nini.

Ng'ambo kijana mmoja alipiga kelele ya utani na wenzake wakacheka, naye mama akasubiri wamalize, kama mtu anayesubiri wageni wanyamaze ndipo azungumze. Kisha akaniambia, bila hasira yoyote:

"Mwana, wewe unajua kuuliza. Umeniuliza nimekula nini. Umeniuliza kama nimekojoa, tena kwa sauti, na mlango uko wazi. Hujaniuliza choo ni cha nani."

Nikasema ni chako, Mama, ni cha mtoto wako.

"Ni cha mkwe wangu," akasema. "Taulo yake iko pale. Wembe wake uko pale. Mimi nitakaa wapi pale ndani, mwana? Na hii nyumba nitalala aje, nyumba ya mume wa mtoto wangu?"

Ndipo akanieleza, polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto kuosha uso. Kwamba yeye alivyolelewa, mama mkwe halali chini ya paa la mkwe wake, haogi anapooga, haendi haja anapoenda, hali akitazamwa naye, wala hashikani naye mkono. Kwamba hiyo si chuki. Ni heshima, na kadiri mkwe alivyo mtu mzuri ndivyo heshima inavyozidi. Yule kijana akija mlangoni na mkono wake, mama alikuwa anaona aibu mpaka moyo unataka kusimama, kwa sababu hana pa kujificha. Alikuwa amekesha kwenye kile kiti tangu aletwe. Ndiyo maana miguu ilivimba. Hakunywa maji ili asilazimike kupita sebuleni, mbele ya mkwe, akienda kwenye choo chenye taulo ya mkwe. Mwanangu, sikiliza vizuri: yule mama alikuwa amechagua kukauka.

Nikamuuliza mbona hakumwambia binti yake.

"Nikimwambia, ataona ninamkataa bwana yake. Nasimiyu amejenga nyumba, mimi nije niibomoe na mdomo?"

Kilichonijia ni nyanya yangu wa Makueni. Nilipokuwa mtoto tulikuwa tukitoka naye mtoni, mtungi mgongoni, na alipomwona mume wa shangazi yangu anakuja mbele, aliacha njia akaingia kwenye miiba, mzee mzima, akasubiri apite. Nilicheka sana siku ile. Baadaye nikasikia Wakamba wanaiita nthoni, ile aibu yenye heshima kati ya wakwe, nikaiweka pamoja na mambo ya zamani. Nilidhani imebaki kule kwenye miiba. Kumbe ilikuwa imepanda lifti, imekaa kitini mbele yangu ikifa kiu, nami naiimbia nyimbo.

Jambo la kwanza nililofanya ni kufunga mlango wa chumba. La pili nilitafuta ndoo yenye kifuniko, mpya, dukani chini, nikaileta imefungwa kwa gazeti, nikamsaidia. Alikunywa glasi ya kwanza yote. Akashika glasi tupu mkononi, hakuomba nyingine, ila hakuiweka chini. Nikaijaza.

Lakini ndoo ni ya siku moja. Nyuma ya jiko la ile nyumba kulikuwa na kile chumba kidogo ambacho Nairobi nzima huita SQ, cha msaidizi wa nyumba. Mlango wake uko nje, kwenye kibaraza cha nyuma, na choo chake na bafu lake. Msaidizi wao hakuwa analala pale, kwa hiyo walikuwa wamekijaza masanduku na baiskeli ya mazoezi. Jioni Nasimiyu aliporudi nilimvuta jikoni, nikamweleza yote, nikamwonyesha ule mlango wa nje, kwamba anayelala huko hapiti kwa mkwe.

Alilia, mwanangu. Hakulia kwa sababu ya mila. Hiyo alikuwa ameisikia utotoni akadhani Nairobi imeifuta. Alilia kwa sababu ya kile chumba.

"Sista, unataka niweke mama yangu mahali pa mfanyakazi? Watu wa Webuye wakisikia nitaweka uso wapi? Mama ameuza maziwa nikasoma, halafu nimlaze stoo?"

Nilimwelewa. Yeye alikuwa amempa mama yake chumba kizuri kuliko vyote, na mimi nimesimama pale namwambia kwamba kile kizuri ndicho kinachomuua. Maji ya chai yalichemka bila mtu wa kuyatilia majani. Hatukujua kwamba Musyoka alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na tai yake mkononi, amesikia yote.

"Kumbe hanichukii," akasema.

Alitupita, akafungua mlango wa nyuma, akaanza kutoa masanduku. Ile baiskeli ya mazoezi aliibeba peke yake, na ilikuwa nzito kama dhambi. Nasimiyu alimtazama kwa muda, kisha akafuta macho akachukua ufagio.

Siku ya pili yake Musyoka alinunua kitanda kipya, na kwa kuwa nilikuwa nimemwonya kwamba mama hatalalia kitu ambacho mikono ya mkwe imekigusa, alisimama kwenye maegesho huko chini akiwaelekeza vijana wa duka kwa simu, kama jenerali anayepigana vita vya mbali. Inua. Shusha. Pindua kulia. Godoro halijavuliwa nailoni, msiguse ndani. Mama alipouliza nani ameleta kitanda, nilimjibu ukweli kwamba ni vijana wa duka. Alikaa juu yake, akakipapasa, akalala ubavu. Alilala tangu asubuhi hadi mafundi walipokuwa wakikusanya vyombo vyao jioni, na alikoroma mpaka sufuria za jikoni zikajibu. Nasimiyu alikaa kwenye kigoda nje ya mlango akiusikiliza ule mkoromo kana kwamba ni kwaya.

Alipoamka aliomba chai, kikombe kikubwa, akamaliza. Akaomba tena. Siku ya kliniki daktari aliangalia majibu, akaangalia ulimi, akaniuliza nimempa dawa gani. Nikamwambia nimempa mlango.

Na Musyoka? Yeye alijifunza kitu kigumu, kumpenda mtu kwa kukaa mbali naye. Jioni alikuwa akija jikoni, anakunja mikono ya shati, anaosha vikombe ambavyo tayari ni safi, na kuzungumza na ule mlango wa nyuma uliofungwa. Mama, umeshindaje? Na kutoka upande wa pili: Nimeshinda vizuri, mwanangu. Mvua huko kwenu imenyesha? Imenyesha kidogo, jirani amesema mahindi yametoka. Walizungumza hivyo kila siku mpaka mama akapona akarudi Webuye, na nadhani hawakuwahi kutazamana usoni. Musyoka alipata mtu wa kumwita mama jioni. Lakini nilipokuwa nikivaa koti niondoke, nikimwona mtu mrefu vile amesimama peke yake mbele ya mbao, anacheka na mbao, nilifunga vifungo polepole kuliko kawaida. Mapenzi mengine, mwanangu, yana ukuta katikati na lazima yabaki nao.

Usifikiri basi kwamba nilikuwa mwerevu kuanzia hapo. Baadaye nilipata mgonjwa huko Loresho, mama mwingine wa Kiluhya, tena wa pande hizo hizo za Webuye, anauguzwa kwa binti yake na mkwe. Nikaingia na kifua mbele, mtaalamu wa ukwe Afrika Mashariki na Kati. Kabla sijafungua mkoba nilikuwa nimeamuru mkwe ahamishe taulo, ahame bafu, asipite koridoni. Mgonjwa alicheka mpaka akashika kidonda.

"Nani amekutuma, wewe msichana? Mambo ya ukwe tulimaliza kitambo, na mbuzi ya kuondoa aibu ikaliwa. Mimi na huyu tunapigania rimoti. Sabuni yake ndiyo naoga nayo. Rudisha taulo ya mtoto wa watu."

Niliirudisha. Nilijifunza kwa wa kwanza kwamba kuna jambo, na kwa wa pili kwamba jambo hilo si la kila mtu wa kabila hilo. Watu wawili wa kijiji kimoja wanaweza kuwa na aibu tofauti.

Sasa mimi ndiye mgonjwa. Mguu wangu wa kushoto una kidonda kinachokataa kupona, na huletewa binti wa uuguzi wa kunifunga bandeji, mtoto mzuri, mikono myepesi. Mume wangu alifariki. Mwanangu wa kuzaa yuko mbali, hunipigia Jumapili, na mimi humchekesha mpaka muda wa simu uishe. Baada ya hapo nyumba huwa na ukimya ambao hata mimi, niliye na mdomo wa kuamsha Dagoretti nzima, huwa siwezi kuujaza. Redio huwaka tu. Pembeni mwa meza kuna kiti cha mbao cha marehemu. Alikikalia kila jioni akivua viatu. Kwetu hakuna sheria ya kiti, mwanangu. Ni mimi tu niliyeiweka. Hakuna anayekikalia, na nikikipangusa huwa nakiaga.

Siku ya kwanza yule binti aliingia kwa haraka, akaweka mkoba wake wa dawa juu ya kile kiti, akaning'iniza koti mgongoni mwake. Akaniuliza nimekula nini, nimelala vipi, maumivu yako wapi. Nilijibu yote. Kuhusu kiti nilinyamaza. Mimi! Nilitazama lile koti juu ya mabega ya mume wangu, nikatabasamu kwa adabu. Nilijiuliza mbona sisemi, nikaona ni kwa sababu mtoto alikuwa mzuri, na ana wagonjwa wengine wanamsubiri, nami sikutaka aone kwamba nyumba ya Sista ni ya masharti. Hapo ndipo nilipomwelewa Mama Nasimiyu mpaka mfupani. Mgonjwa hukauka kimya kimya ili asikusumbue.

Wiki iliyofuata alikuja tena. Aliingia, akainua mkoba kuuweka, kisha mkono wake ukasimama hewani. Sijui aliona nini. Labda alinitazama usoni kwanza, maana siku hiyo hakuwa na haraka. Akaushika mkoba kifuani, akauliza kama mjukuu kwa bibi yake:

"Shosho, hiki kiti ni cha nani?"

Mwanangu, nilizungumza mpaka chai ikapoa. Nilimwambia habari za mume wangu, viatu vyake, kikohozi chake, jinsi alivyokuwa akiniita Daktari mbele ya wageni hata nilipokuwa bado nasoma ile biolojia ya gizani. Alikaa sakafuni, kwenye mkeka, akanifunga mguu huku akisikiliza. Alipoondoka kiti kilikuwa bado kitupu, na jioni ilikuwa ndefu kama kawaida. Ila maji aliyonimiminia niliyanywa yote.

Basi nasaha yangu ni hii, wewe unayevaa sare sasa. Usiingie kwa mgonjwa na ramani ya makabila mfukoni, kwamba wa huku hula hiki na wa kule hukataa kile. Utamhamishia mtu taulo bila sababu. Wala usiingie ukidhani Nairobi imetuosha sote tukafanana, maana mtu hupanda lifti na kwao kote kifuani. Muulize yeye mwenyewe. Funga mlango kwanza. Muulize analala wapi na anaogaje, nani anafaa kumgusa na nani hafai hata kumwona, nini kwenye chumba hicho ni cha mtu mwingine. Na akijibu kwamba hana shida, usiondoke hapo hapo. Kaa kidogo, tazama kitanda. Ukiona anatazama ukuta, usimwite mkaidi, wala usiende kwenye lifti kumhukumu na mtu wa kwenu.

Mungu akupe mikono yenye joto na masikio yasiyo na haraka. Akulinde barabarani unapotoka kwa mgonjwa mmoja kwenda kwa mwingine. Na siku utakapolala wewe, nyumba imenyamaza na watoto wako mbali, akuletee mtu atakayesimama na mkoba wake mkononi, asiuweke popote mpaka akuulize.